Maafisa uhusiano wa Mbeya, Iringa na Njombe, siku yenu ya kazi inaendaje asubuhi mpaka jioni?

BintiUyole

Habari zenu wakuu, poleni na baridi.

Naomba kuwauliza mlioko kwenye fani ya uhusiano na mawasiliano, hasa wa huku kwetu Nyanda za Juu Kusini, maana wa Dar nimeshawasoma sana na mazingira yao sio haya yetu. Nimemaliza chuo nikapata ajira kama afisa uhusiano msaidizi kwenye kampuni inayonunua parachichi kwa wakulima wa Rungwe na kupeleka nje ya nchi, ofisi iko hapa Mbeya mjini, jina naomba lisihusike. Juu yangu yupo meneja mmoja na yeye muda mwingi yuko safari, kwa hiyo nikifika ofisini najipangia mwenyewe.

Kwa sasa siku yangu iko hivi. Saa moja na nusu nishafika, napitia magazeti na kurasa za mitandaoni kuangalia kama tumetajwa au kuna habari ya bei, alafu najibu komenti za Facebook na Insta, wengi wanauliza mnaanza kununua lini, bei gani, Busokelo mnafika lini. Kuanzia saa nne hapo siku sio yangu tena. Masoko wananiita nipige picha wageni, utumishi wananiita niandae ukumbi, nitafute MC, nikachapishe bango Mwanjelwa, nikirudi kuna kikao natakiwa kuchukua muhtasari. Jioni ndo napata muda wa kuandika taarifa kwa vyombo vya habari na hapo watu wameshaondoka. Bwana anayesimamia ubora ndo mwenye takwimu zote za mzigo, simu hapokei, na akipokea ananiambia "andika tu chochote dada, nyie si ndo watu wa maneno".

Hiyo kauli inaniuma kwa kweli, maana chuoni tulifundishwa uhusiano ni kazi ya uongozi na mimi naipenda hii kazi, sikuingia kwa kukosa kingine. Sasa naomba kujua siku ya kawaida ya afisa wa chini kwenu ikoje, mnawapataje hawa wataalamu wa ndani, na pia waandishi wakija kwenye shughuli ile habari ya nauli mnaifanyaje, maana meneja ameniachia nipendekeze utaratibu na sijui wenzangu mnafanyaje.

Natanguliza shukrani.

Mafiati_Juu

Dada hongera kwa ajira na pole kwa hiyo kauli. Mimi niko taasisi ya umma inayotoa huduma kwa wananchi hapa jijini, nilianzia nafasi kama yako na sasa nina vijana ninaowasimamia, kwa hiyo ntakueleza ninavyowafundisha wao.

Hiyo ya "watu wa maneno" ndo kiini cha kazi yako yote. Watu wakisikia uhusiano wanawaza kamera, maiki na mgeni rasmi, yaani wanawaza nje. Kwa afisa wa chini kazi kubwa iko ndani ya geti lenu. Mwandishi akikupigia saa tano kuuliza kwa nini wakulima wamekaa na mzigo toka jana kituo cha kukusanyia, jibu hulitoi kichwani, unalipata kwa mtu wa ubora, kwa mhasibu, kwa dereva, hata kwa mlinzi. Hao wasipokuamini basi unabaki na kamera tu shingoni.

Kipindi niko nafasi hiyo nilikuwa naamka na redio. Huku kwetu redio ina nguvu kuliko gazeti, mkulima wa Mbozi au Kyela gazeti halimfikii lakini redio anayo shambani kutwa nzima, kwa hiyo kabla sijatoka nyumbani nshasikiliza uchambuzi wa magazeti na vipindi vya asubuhi vya redio za hapa. Nikisikia tumetajwa naandika kipindi gani, saa ngapi, nani kaongea na kasema nini hasa kwa maneno yake, sio nilivyohisi mimi. Kabla ya saa mbili bosi anakuta ujumbe kwenye simu, mistari mitano sita imetosha: kimesemwa nini, kinatugusa wapi, kinahitaji jibu leo au kinaweza kusubiri. Usimtumie picha za kurasa nzima za magazeti, hatazifungua, na siku yakitokea ya maana atakuwa ameshazoea kukupita.

Alafu saa mbili na nusu mpaka saa nne sikai mezani, nazunguka idara kwa miguu, sio kwa barua wala dokezo sabili, yaani ile karatasi ya ujumbe wa ndani ya ofisi. Naingia naulizia leo kuna kitu gani kinaweza kumfikia mteja. Na usiwaruke watu wa masjala na mapokezi, barua zote za malalamiko zinapita masjala kabla hazijafika kwa mkurugenzi, na dada wa mapokezi anajua watu wamekasirikia nini wiki nzima kabla ya meneja yeyote kuambiwa. Mimi taarifa zangu nyingi za mapema zilitoka pale.

Sasa huyo bwana wa ubora. Mtaalamu ukimwambia "naomba uniandikie taarifa" utasubiri sana, kuandika kwake ni mzigo na anaogopa kunukuliwa. Mpelekee nusu ukurasa umeshaandika mwenyewe kwa unavyoelewa, penye namba umeacha nafasi wazi, mwambie nisaidie kuangalia kama nimeielewa kazi yenu. Atachukua kalamu hapo hapo. Hakuna mtaalamu anayeweza kuvumilia kuona kazi yake imeelezwa ndivyo sivyo, atafuta, atajaza, atakueleza na ambayo hukuuliza. Na ikishatoka redioni au gazetini mrudie, mwambie ile yetu imetoka na ulivyoirekebisha ndo ilivyosomwa. Ukifanya hivyo mara kadhaa yeye ndo atakuwa anakupigia. Pia muulize anapatikana saa ngapi, watu wa ubora asubuhi wako kwenye mzigo na jioni wamechoka, mimi mhandisi wangu nilikuwa nampata saa ya chai tu.

Saa nne mpaka saa saba linda huo muda wa kuandika. Picha za wageni ni kazi yako kweli, hizo usikatae. Viti na MC sio zako, lakini usigome, mwombe meneja mgawanyo wa kazi kwa maandishi na nakala iende utumishi, alafu anayetaka huduma aombe siku moja kabla. Kwetu tuliweka ubao wa wiki ukutani, kila mtu anaona Jumanne mchana nimeshachukuliwa, na wenyewe wakaanza kupangana.

La mwisho, ukiandika taarifa kwa wananchi tumia majina wanayoyaita wao. Ofisini tunajua zoni na laini kwa herufi, mtu wa mtaani anajua Soko Matola, Kabwe, Sae, Ilomba, Iyunga. Taarifa ya kukatika huduma isiyotaja mtaa kwa jina lake itakuletea simu mia. Ijibu wapi, lini, kwa nini, itaisha lini na apige namba gani, na kama hujui itaisha lini sema saa ngapi utatoa taarifa nyingine, alafu hiyo saa ikifika utoe kweli hata kama hakuna jipya.

mama_wa_Makambako

Naongezea kwenye komenti tu, mengine mkuu kamaliza.

Niko Njombe, kampuni ya mazao pia. Bei usiijibu kwenye komenti bila tarehe, daraja la tunda na kituo. Mkulima anapiga skrinshoti, anakuja nayo kituoni wiki mbili baadaye wakati bei imebadilika na ana haki ya kukasirika kwa sababu wewe ndo uliandika. Kaa na watu wa manunuzi mkubaliane majibu ya maswali yanayojirudia, yaandikeni, kila Jumatatu mnayapitia upya. Na anayelalamika kwa hasira usimfute, mjibu hadharani kwa kifupi kwamba umeona na unamfuatilia, alafu mpigie. Tena mpigie wewe mwenyewe, usimwambie aje inboksi akasubiri.

Kalamu ya Kihesa

Kamwene, Iringa hapa. Mimi niko upande wa pili, ni mwandishi wa kujitegemea, natuma redioni na gazetini, naomba nikuambie siku yako inavyoonekana kwetu.

Taarifa ukiituma saa kumi na moja jioni kwangu imekufa. Redio inafunga taarifa yake ya habari, mhariri wa gazeti ameshapanga kurasa na mimi wa mkoani lazima niwahi kuliko wa Dar maana stori yangu inapita mikono mingi. Ukinitumia saa nne asubuhi nina muda wa kumpigia mkulima mmoja nikapata na upande wake. Kwa hiyo hiyo tabia ya kuandika jioni ibadilishe hata kama utaandika leo utume kesho asubuhi.

Alafu tuma maandishi ninayoweza kunakili, sio karatasi yenye nembo na mhuri iliyopigwa picha kwa simu. Picha iwe na maelezo, nani wa kwanza kushoto, jina lake lote na cheo, wapi, lini. Kwa redio tafadhali rekodi sauti ya msemaji hata dakika moja, sehemu tulivu, simu inatosha. Taarifa isiyo na sauti kwenye redio inasomwa kwa sentensi mbili basi.

Na kubwa kuliko yote, habari. Kila wiki napokea "Meneja atembelea shamba", "Kampuni yakabidhi madawati", mgeni rasmi kachukua aya tatu za mwanzo na vyeo vyake. Msikilizaji wangu wa Mufindi hana haja na hiyo. Wewe umekaa juu ya habari na pengine hujaiona. Parachichi haiivi ikiwa mtini, inaiva ikishachumwa, kwa hiyo mkulima hawezi kuibonyeza ajue imekomaa kama anavyofanya kwenye embe. Ndo maana dalali anamchumisha changa, anamlipa haraka haraka, tunda linanyauka njiani na jina la eneo zima linaharibika sokoni. Huyo bwana wenu wa ubora anapima ukomavu kila siku. Nipe huyo aeleze kwa Kiswahili cha kawaida anapimaje na mkulima aangalie dalili gani, nakuletea kipindi kizima na kampuni yenu itatajwa bila wewe kuomba.

Kuhusu nauli niseme ukweli bila kuficha. Wengi wetu wa mikoani hatuna mshahara, tunalipwa kwa stori iliyotoka na hela yenyewe inachelewa. Ukiniita Tukuyu au Mufindi kwa gharama zangu ntashindwa kuja, sio kwamba nakudharau. Kwa hiyo nauli sio dhambi, dhambi ni nauli inayokuja na maagizo ya niandike nini.

NyotaIyunga

Kaka wa Kihesa nakuelewa na hali ya waandishi wa mikoani naijua, ila kwa dada hapa nashauri tofauti. Hela taslimu kwenye bahasha mwisho wa shughuli haina mpaka. Leo unaita nauli, kesho ukikaa kimya bila kutoa na habari yako isitoke utaanza kuona kama ulikuwa unanunua, na mwandishi naye akiandika jambo baya la kweli kuhusu kampuni ataonekana msaliti. Baraza la Habari kwenye maadili yake limeshakataza mwandishi kupokea hongo, na wewe upande wako usiwe unayemweka majaribuni.

Utaratibu niliopendekeza mimi kwenye ofisi yangu, na ukakubaliwa, ni gari la ofisi kuchukua waandishi sehemu moja inayojulikana, chakula kile kile wanachokula wageni wote, na kama gari hakuna basi nauli halali ya daladala au Coaster kwenda na kurudi, inatoka kwenye masurufu, yaani hela ya ofisi inayotolewa kwa kazi na kutolewa hesabu baadaye, inasainiwa, na inatolewa asubuhi kabla ya shughuli kuanza. Asubuhi kabla, hapo ndo penye tofauti, maana hata akiandika vibaya ameshapata nauli yake. Na mwaliko uende kwa mhariri, sio kwa mwandishi unayemjua wewe.

Jambo hili sio la leo. Mwaka 1906 huko Marekani treni ya Pennsylvania Railroad ilipata ajali Atlantic City, watu wengi wakafa, na desturi ya makampuni wakati huo ilikuwa kufunga milango. Ivy Lee aliyekuwa anawashauri akafanya kinyume, akatoa taarifa ya maandishi ya kilichotokea na kampuni ikawasafirisha waandishi mpaka eneo la ajali wakaone wenyewe. Ile taarifa ndo inatajwa sana kama mwanzo wa hizi taarifa kwa vyombo vya habari tunazoandika sisi kila siku. Aliwapa usafiri na ukweli, hakuwalipa waandike. Mimi nikiajiri kijana mpya hiyo ndo ya kwanza namsimulia.

Mawili mengine ambayo hujauliza lakini yatakukuta. Meneja ataanza kutaka ripoti ya mwezi, na njia rahisi iliyozoeleka ni kupima habari iliyotoka kwa sentimita alafu kuzidisha kwa bei ya tangazo, unamwambia tumepata matangazo ya milioni kadhaa bure. Usianze hiyo. Wataalamu wa fani yetu waliikataa tangu mwaka 2010 kwenye makubaliano yao ya Barcelona, kwa sababu bei ya tangazo haisemi kama mtu alibadili chochote. Pima kitu cha kwenu. Baada ya kipindi cha redio je, wakulima wangapi walipiga simu, matunda changa vituoni yalipungua au la. Hizo namba anazo bwana wa ubora, unaona sasa jinsi mnavyohitajiana.

La pili ni picha za wakulima. Tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, kwa hiyo ukipiga picha ya mama shambani ukaiweka kwenye bango la kampuni lazima awe ameridhia na ameelewa inaenda wapi. Mimi natembea na fomu fupi ya Kiswahili, asiyesoma namsomea mbele ya mtu wake. Inachukua dakika chache na inampa heshima yake. Watoto ni ruhusa ya mzazi, bila hiyo naacha.

BintiUyole

Jamani ndaga fijo, sikutegemea majibu ya namna hii. Ile ya kupeleka nusu ukurasa yenye nafasi wazi nimeijaribu leo kwa yule bwana, alisimama na kalamu akafuta karibu yote alafu akakaa, akanionesha na kile kifaa cha kupimia, na amekubali kurekodiwa sauti ila anaomba maswali kabla. Kaka wa Kihesa naomba usisahau ulichosema, ntakutumia asubuhi.

Sasa meneja kanipigia yuko njiani, anasema kwenye maonesho ya wakulima ya Nane Nane mwaka huu tutakuwa na banda pale viwanja vya John Mwakangale na mimi ndo niandae risala na kila kitu cha mawasiliano. Sijawahi kuandika risala ya kusomwa mbele ya kiongozi. Naanzia wapi?

Mafiati_Juu

Safi sana kwa huyo bwana, mpe maswali leo leo.

Kwanza uliza waandaaji kama bandani kutakuwa na nafasi ya risala kweli. Mara nyingi mgeni rasmi anapita mabanda mengi na kila banda linapata dakika chache za maelezo ya mdomo, risala inasomwa jukwaa kuu na waandaaji. Mwaka 2022 na 2023 maonesho yalipofanyika kitaifa hapa hapa kwetu itifaki ilikuwa nzito zaidi na muda wa kila banda ukawa mdogo zaidi, kwa hiyo usije ukaandika kurasa nne zikabaki mkononi.

Ukiambiwa ni maelezo ya mdomo, chagua mtu mmoja wa kuongea na asiwe meneja kwa sababu tu ni meneja. Mimi ningemsimamisha huyo bwana wa ubora na mkulima mmoja wa Rungwe, mezani kuna tunda changa na lililokomaa yamekatwa katikati, wanaonesha tofauti. Kiongozi atasimama, kamera zitasogea na watu watauliza. Wafanyie mazoezi kwa saa, mara dakika tano, mara mbili, mara moja, maana siku hiyo mpambe wa kiongozi anaweza kuwaambia fupisheni mkiwa mmeanza.

Ikiwa ni risala kweli, basi kurasa mbili, herufi kubwa, mistari imeachana. Salamu kwa kufuata itifaki, na orodha ya vyeo ipate ofisi ya mkuu wa mkoa au wilaya, usiikisie. Kisha nyie ni nani, mmefanya nini mwaka huu kwa namba zilizothibitishwa, changamoto moja au mbili, ombi moja. Maombi yakiwa saba hakuna litakalokumbukwa. Nakala ifike ofisi ya mgeni rasmi mapema ili wasaidizi wake waandae jibu, ukiwashtukiza jukwaani utajibiwa "tumepokea" na imeishia hapo.

Maonesho yanaanza tarehe 1 mpaka 8 Agosti, waandishi wote wanakimbilia siku ya ufunguzi na siku ya kilele. Wewe waalike tarehe 4 au 5 asubuhi, hapo wanatafuta stori na hakuna msafara. Weka kitabu cha wageni chenye safu ya kijiji na zao, simu kwa anayependa tu, na kila jioni kabla hamjafunga banda andika maswali yaliyoulizwa siku hiyo, yale ndo majibu ya mama wa Makambako ya kila Jumatatu.

Ukimaliza rasimu iweke hapa tuipitie, toa jina la kampuni na la mkulima kwanza.

Kalamu ya Kihesa

Tarehe 5 naweza kuwa Mbeya. Nitumie mwaliko kupitia mhariri kama alivyosema wa Iyunga, na huyo mkulima muandae mapema aje na tunda lake mwenyewe.